Mkubwa Akijiuzulu, Tusipige Ramli: Tumwulize

Siku ya Krismasi ya mwaka 1991, Wakenya wakiwa wametoka ibadani na kuketi pamoja na jamaa zao, habari zilienea kwamba Waziri wa Afya, Mheshimiwa Mwai Kibaki, amejiuzulu kutoka serikali ya Rais Daniel arap Moi. Zilikuwa zimepita siku 15 tu tangu Bunge lifute kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee katika nchi. Siku chache baadaye chama kipya, Democratic Party, kilitangazwa, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wake.

Papo hapo nchi ikageuka kuwa baraza la wapiga ramli. Katika matatu, mikahawani na nje ya milango ya makanisa, swali lilikuwa moja: mzee huyu anataka nini? Wako walionena kwamba anautaka Urais, na kwamba amekuwa akiungoja tangu siku ile ya mwaka 1988 alipovuliwa cheo cha Makamu wa Rais na kupelekwa Wizara ya Afya. Wako waliodai kwamba ametumwa na wakubwa wa KANU ili aigawe kura ya upinzani. Wako pia waliosema kwamba hana mradi wowote, ila moyo wake umechoshwa na mambo aliyoyaona kwa miaka mingi akiwa ndani. Kila kundi lilikuwa na ushahidi wake, na kila kundi liliapa kwamba linaujua moyo wa mtu ambaye wengi wao hawakuwahi hata kumwamkia.

Tunaikumbuka habari hii si kwa nia ya kumhukumu marehemu, ambaye aliiaga dunia mwezi wa Aprili 2022 baada ya kuiongoza nchi kwa miaka kumi. Tunaikumbuka kwa sababu mchezo huu wa ramli haujatutoka. Kila uchaguzi unapokaribia, kila bendera inapong'olewa katika gari la waziri, sisi wapenda mageuzi huacha kazi iliyo mikononi mwetu tukaanza kubashiri: atasimama au hatasimama? Ni wa kwetu au ni wa kwao? Gazeti hili linasema kwamba kubashiri huko ni hasara, na hasara yenyewe tumekwisha kuilipa zaidi ya mara moja.

Hebu kwanza tuwatazame waliojiuzulu, kwa maana hawafanani.

Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu cheo cha Makamu wa Rais. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mkutano wa KANU wa Limuru ulikuwa umekifuta cheo chake cha makamu wa rais wa chama na kukigawa vipande vinane. Aliondoka akisema wazi kwamba serikali imeyasahau yale waliyoyapigania wananchi wasio na ardhi na wasio na mali. Wenye nguvu hawakumjibu kwa hoja. Walisema ana uchu wa madaraka, na kwamba ni kibaraka wa nchi za Mashariki. Kisha Katiba ikabadilishwa upesi ili kila mbunge aliyeihama KANU arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 viti 29 viligombewa, na chama chake cha KPU kikapata 9. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1969, KPU kilipigwa marufuku, na Jaramogi akatiwa kizuizini hadi mwaka 1971.

Desemba 1988, Kenneth Matiba alijiuzulu Uwaziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Ulikuwa mwaka wa mlolongo, mwaka ambao wapiga kura walisimama kwenye foleni nyuma ya picha za wagombea, na mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Matiba alipinga wizi aliouona katika uchaguzi wa chama huko Murang'a. KANU ilimfukuza, na kiti chake cha Bunge kikaenda pamoja na uanachama wake. Mei 1990, yeye na Charles Rubia walisimama mbele ya waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Mwanzoni mwa Julai, siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba uwanjani Kamukunji, walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa humo, na afya yake haikurudi kuwa kama ilivyokuwa hadi alipofariki Aprili 2018.

Mzee Kibaki naye aliondoka Desemba 1991, lango likiwa limekwisha kufunguliwa. Wengine walikuwa wamelisukuma: wanasheria waliolala rumande, akina mama waliowatembelea wafungwa, wahubiri kama Kasisi Timothy Njoya, ambaye mahubiri yake ya siku ya Mwaka Mpya wa 1990 yaliutikisa utawala, na maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge. Muge hakuiona siku ya ushindi. Alikufa katika ajali ya barabarani Agosti 1990, wakati ambapo waziri mmoja alikuwa amemtisha hadharani. Kibaki alikuwa serikalini miaka hiyo yote. Alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1982 Bunge lilipokipitisha kile kifungu cha 2A. Na mwaka ule ule wa 1991, kabla ya kuhama, alinukuliwa akisema kwamba kujaribu kuing'oa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe.

Je, kwa kuwa alichelewa, alikuwa mnafiki? Hapa ndugu zetu waumini watukumbushe mfano wa shamba la mizabibu. Walioitwa saa kumi na moja walilipwa dinari ile ile waliyolipwa walioanza kazi alfajiri, na mwenye shamba hakuona aibu kuwa mkarimu. Kanisa haliwezi kumfungia mlango mtu anayetubu jioni. Vuguvugu la mageuzi nalo haliwezi kudai kwamba wote wanaojiunga nalo wawe wameonja jela, maana lingebaki chama cha watu wachache. Lakini tuusome mfano huo hadi mwisho. Mtu wa saa kumi na moja alipewa ujira. Hatusomi kwamba alidai awe nyapara wa shamba zima siku hiyo hiyo. Anayehama akiwa amechelewa anastahili kukaribishwa. Anayetaka kuongoza anastahili kuhojiwa. Hayo ni mambo mawili, na kosa letu la mara kwa mara ni kuyachanganya: ama tunamkaribisha mtu na kumpa usukani bila swali, ama tunamfukuza kwa sababu tunaushuku usukani anaoutamani.

Na tuseme ukweli kuhusu tamaa ya uongozi. Mwanasiasa kutamani cheo si dhambi, kama vile si dhambi kwa fundi kutamani kazi. Jaramogi alitaka kuongoza. Matiba alitaka kuongoza, wala hakuficha. Kibaki alitaka kuongoza, akagombea mara mbili kabla ya kupata. Kumtuhumu mtu kwamba ana tamaa ya madaraka ni shtaka linalomwangukia kila aliye katika siasa, kwa hiyo halimpambanui yeyote. Ndiyo sababu wenye mamlaka hulipenda sana: humfanya mwananchi aache kuitazama sababu ya kujiuzulu na badala yake autazame uso wa aliyejiuzulu.

Sasa tuitazame hasara. Mwaka 1992 ulianza upinzani ukiwa na matumaini makubwa na ukaisha kwa majuto. FORD, iliyokuwa imewaweka pamoja wazee na vijana, ilipasuka ikawa FORD-Kenya ya Jaramogi na FORD-Asili ya Matiba. DP ilikuwa pembeni ikishukiwa na wote wawili. Viongozi wa makanisa waliviita vyama katika vikao vya mapatano, na mapatano hayakupatikana. Mwaka mzima ulitumika katika kubashiri nani ametumwa na nani, nani atajitoa kwa ajili ya nani, nani ameonekana Ikulu usiku. Ilipofika tarehe 29 Desemba 1992, Rais Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura. Matiba alipata takriban 26, Kibaki 19, na Jaramogi 17. Zaidi ya wapiga kura sita katika kila kumi walikuwa wameikataa KANU, na KANU ikabaki madarakani. Ni kweli kwamba uchaguzi ule haukuwa wa haki. Ni kweli pia kwamba damu ilikuwa imemwagika Bonde la Ufa na kwingineko. Lakini hata baada ya kuyahesabu hayo yote, yapo tuliyojitendea wenyewe. Mwaka 1997 tukarudia, Moi akashinda kwa takriban asilimia 40.

Mwaka 2002 tulidhani tumejifunza. Mwezi wa Oktoba, Raila Odinga na mawaziri wenzake walijiuzulu kutoka Baraza la Mawaziri kwa kupinga jinsi Uhuru Kenyatta alivyoteuliwa kuwa mrithi wa Moi. Tarehe 14 Oktoba, uwanjani Uhuru Park, yalitamkwa maneno mawili, Kibaki Tosha, na tarehe 27 Desemba upinzani uliounganishwa katika NARC ukashinda kwa takriban asilimia 62. Mtu yule yule aliyeshukiwa mwaka 1991 kuwa ametumwa kuvunja upinzani ndiye aliyeuongoza kuingia Ikulu. Wapiga ramli wangapi walilibashiri hilo?

Hata hivyo ushindi ule ulikuwa na ufa ndani yake. Vyama vilikuwa vimetia sahihi mkataba wa maelewano kuhusu kugawana madaraka, mkataba ambao wananchi walio wengi hawakuusoma kamwe. Tuliambiwa kwamba Katiba mpya itapatikana katika siku 100. Siku 100 zikapita, na mwaka ukapita. Waliotia sahihi wakaanza kubishana juu ya maandishi ambayo sisi hatukuyaona, na hivyo hatukuweza kusema nani mkweli na nani mwongo. Mwezi wa Novemba 2005 serikali iligawanyika katika kura ya maoni, na rasimu yake ikakataliwa na takriban asilimia 58 ya waliopiga kura. Miaka miwili baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hatusemi kwamba karatasi moja ndiyo iliyoyaleta yote hayo. Tunasema kwamba ahadi iliyofichwa haiwezi kudaiwa na umma, na kwamba pasipo njia ya kudai, hasira hutafuta njia yake yenyewe.

Nao Urais wa mzee Kibaki ulibeba yote mawili. Januari 2003 watoto waliingia shule za msingi bila karo. Tarehe 27 Agosti 2010, mkono wake ndio ulioizindua Katiba mpya. Katikati ya siku hizo mbili kuna makaburi ya 2007 na 2008. Aliyemwita msaliti mwaka 1991 hakubashiri shule na Katiba. Aliyemwita mkombozi hakubashiri makaburi. Moyo wa mtu ni kiza kwetu. Hao wote wangekuwa wametumia muda wao vyema zaidi kama wangemwandikia maswali matano na kungoja majibu.

Kuna namna nyingine ya kuondoka ambayo hatuna budi kuitaja. Februari 2006, mawaziri watatu waliondoka ofisini kutokana na sakata za Goldenberg na Anglo Leasing. Kabla ya uchaguzi wa 2007, wote watatu walikuwa wamerudi katika Baraza la Mawaziri. Hapo kujiuzulu kulikuwa kama mtu aliyetoka nje mvua ikinyesha ndani, akangoja paa lizibwe, kisha akarudi kwenye kiti chake. Kwa upande mwingine, tarehe 6 Aprili 2009, Martha Karua alijiuzulu Uwaziri wa Haki na Katiba, akaeleza sababu: kwamba amezuiwa kuifanya kazi aliyoapishwa kuifanya, na kwamba majaji wameteuliwa bila yeye kuhusishwa. Wengi walimsifu, wengi wakasema anajitayarishia Urais. Alipogombea Machi 2013 hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Basi na tujiulize sisi wapiga kura: tunalalamika kwamba wakubwa hawajiuzulu kwa msimamo, lakini anapotokea wa kujiuzulu, tunampa nini? Kama malipo ya msimamo ni kusahauliwa, tusishangae kwamba walio wengi huchagua kukaa kimya na kulinda bendera ya gari.

Sheria za sasa zimebadilisha sura ya jambo hili. Chini ya Katiba ya 2010 waziri hawezi kuwa mbunge, kwa hiyo akijiuzulu hana kiti cha Bunge cha kusemea. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 nayo humtaka mtumishi wa umma anayetaka kuwania kiti aache kazi angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Ndiyo maana Februari 2022 mawaziri kadhaa waliziacha wizara zao kwa pamoja. Kujiuzulu kwa kalenda si kosa. Ni kutii sheria. Lakini tusikuvike kilemba cha ushujaa. Anayeondoka kwa sababu tarehe imefika, na anayeondoka kwa sababu dhamiri imemkataza kuketi, si watu wa daraja moja, hata kama wote wawili wanatumia neno lile lile.

Basi tuulize nini? Gazeti hili linapendekeza maswali matano, yaulizwe hadharani, na majibu yaandikwe.

La kwanza: umeondoka kwa jambo gani hasa, na ulilijua tangu lini? Kama ulilijua miaka mitatu iliyopita, kwa nini ulikaa?

La pili: ulipokuwa ndani, ulitia sahihi nini na ulipinga nini? Waziri anashiriki wajibu wa pamoja wa Baraza la Mawaziri. Hawezi kuiacha ofisi na kuuacha pia uwajibikaji mlangoni.

La tatu: ulipoingia ulikuwa na mali gani, na unatoka na mali gani? Sura ya Sita ya Katiba haikuandikwa kwa ajili ya walio ofisini peke yao.

La nne: umeahidiana nini, na nani, na maandishi yako wapi? Mkataba wa vyama usomwe na wanachama kabla ya kutiwa sahihi. Tumeona matunda ya ule uliofichwa.

La tano: usipochaguliwa, utabaki upande huu? Swali hili ndilo zito kuliko yote, kwa maana limewashinda wengi. Tumeshuhudia waliopiga kelele dhidi ya serikali asubuhi wakila nayo jioni, wakatuambia kwamba ni kwa ajili ya umoja wa taifa.

Kwa waumini tuna neno la ziada. Mkubwa aliyejiuzulu hutafuta jukwaa, na mimbari ni jukwaa la bei nafuu. Hufika Jumapili na bahasha kwa ajili ya paa au vyombo vya kwaya, na akishaitoa, nani atamwuliza swali? Ndiyo sababu tulifurahi Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alipowazuia wanasiasa kuhutubu ibadani, na tena Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango wa fedha wa Rais. Kanuni hiyo na iwahusu wapinzani vilevile. Fedha ya aliye nje ya serikali haina utakaso kuliko ya aliye ndani, hasa ikiwa jana tu alikuwa ndani. Akaribishwe kusali kama mwenye dhambi mwenzetu. Akitaka kuhojiwa, aitwe ukumbini siku ya kazi, mbele ya vijana, akina mama wa soko na wazee, akiwa na maikrofoni moja na wao wakiwa na nyingine.

Kwa wanaharakati nasi tunasema hivi: mageuzi ya 1991 hayakuletwa na aliyejiuzulu Krismasi, wala hayakuletwa na yeyote mmoja aliyemtangulia. Yaliletwa na watu wengi waliokuwa wamekwisha kuanza kazi wakati wakubwa bado wanapima upepo. Katiba ya 2010 nayo ilidaiwa kwa miaka ishirini na watu wengi ambao majina yao hayamo katika vitabu. Ajapo mkubwa, na aje. Mikono yake inahitajika, na siri anazozijua zinahitajika zaidi. Lakini akute kazi inaendelea, akute masharti yamebandikwa ukutani, akute watu wasioduwaa kwa ujio wake. Akiwa mkweli, masharti hayatamwudhi. Akiudhika, tutakuwa tumeupata ule ukweli ambao ramli zetu zote hazingetupa, na tutakuwa tumeupata kabla ya siku ya kura.